Tochi, giza na watu wanaofutika pichani

Kuna zile picha ambazo bila shaka umewahi kuziona. Ni usiku, giza totoro, halafu katikati ya hewa kuna mstari wa mwanga umejichora kana kwamba mtu alichukua kalamu ya moto akaandika jina lake angani. Wengi wakiziona mara ya kwanza husema, "Hiyo kompyuta hiyo!" Hapana. Kuna kamera, kuna giza, na kuna mtu aliyekuwa akitembea mbele ya kamera na tochi mkononi. Ajabu ni kwamba huyo mtu humwoni. Alikuwepo muda wote, lakini pichani hayupo.

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikichezea mambo haya chumbani kwangu. Vifaa vyangu ni tochi ya simu, mshumaa, vijiti vya udi na vikaratasi vya pipi. Nilikuwa natafuta picha nzuri, basi. Lakini kazi hii ya uandishi wa habari ina ugonjwa wake: ukishaona kitu lazima uulize kilitoka wapi na nani alikianzisha. Nikaanza kupekua. Nilichokikuta ni historia ya zaidi ya miaka 130, na haianzii kwa wasanii hata kidogo. Inaanzia kwa watu wa maabara na viwanda. Na kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo swali moja lilivyozidi kunikaa kichwani: katika picha hizi, nani anabaki na nani anafutika?

Kwanza tuelewane jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi. Ndani ya kamera kuna kipazia kidogo ambacho wapiga picha hukiita shata. Ukipiga picha ya kawaida mchana, shata inafunguka na kufunga kwa muda mfupi mno, tuseme sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kila kitu kinaonekana kimesimama. Sasa iambie kamera iache shata wazi kwa sekunde 30, tena gizani. Chochote kinachotoa mwanga kitaacha alama kila kinapopita. Chochote kisichotoa mwanga, hata kikitembea mbele ya lenzi mara kumi, hakitaacha kitu. Kwa hiyo mtu aliyevaa nguo nyeusi, ameshika tochi, anakuwa mwandishi asiyeonekana. Mwanga unabaki, mkono unapotea. Likumbuke hilo, maana historia yote inayofuata imejengwa juu yake.

Sasa twende Ufaransa. Étienne-Jules Marey alizaliwa mwaka 1830 katika mji wa Beaune. Alisomea udaktari, lakini maisha yake aliyatumia kufukuzia jambo moja tu: mwendo. Mapigo ya mshipa, mbawa za ndege, miguu ya farasi, yote aliyapima. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, ambayo badala ya risasi ilitoa picha 12 kwa sekunde moja. Mwaka huohuo alipata kituo chake cha utafiti pembezoni mwa Paris, upande wa Bois de Boulogne, akisaidiwa na Georges Demenÿ.

Tatizo la Marey lilikuwa hili: mwili wa binadamu una mambo mengi mno. Nguo zinapepea, misuli inatikisika, sura inavuta macho. Yeye alitaka kuona mwendo mtupu. Basi akamvika mtu nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni, akamwekea mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akamtembeza mbele ya ukuta mweusi. Pichani mtu akapotea, ikabaki mistari inayotembea. Umeona? Kumfuta mtu hakukuwa bahati mbaya. Ndilo lililokuwa kusudio.

Mwaka 1889 Demenÿ akapiga hatua nyingine. Taa ya umeme ya Edison ilikuwa na umri wa miaka 10 tu wakati huo. Demenÿ alichukua vitaa vidogo vya umeme, akavifunga kwenye viungo vya mtu, akamtembeza huku kamera ikiwa wazi. Picha iliyopatikana inahesabiwa na wengi kuwa ndiyo ya kwanza kabisa ya kuchora kwa mwanga. Jina lake linataja mwendo wa kiugonjwa unaotazamwa kutoka mbele. Ni mistari inayopanda na kushuka, inayopinda na kukatana. Mtu anayetembea hatajwi. Tunaujua mwendo wake kuliko tunavyomjua yeye.

Sitaki kumlaumu daktari. Utafiti wa namna hiyo ndio uliosaidia watu kuelewa jinsi tunavyotembea, na hadi leo mbinu ya kuweka alama kwenye viungo vya mtu inatumika hospitalini na kwenye filamu. Nasema tu kwamba mbinu hii ilizaliwa ikiwa na tabia fulani, na tabia hiyo ikahamia kiwandani.

Huko Marekani kulikuwa na mume na mke, Frank na Lillian Gilbreth. Frank alizaliwa mwaka 1868. Akiwa na miaka 17 aliingia kazi ya uashi badala ya kwenda chuo. Siku za kwanza tu akagundua kwamba hakuna waashi wawili wanaojenga sawa. Kila fundi ana namna yake ya kuinama, kuchota udongo na kuweka tofali. Akaanza kuhesabu. Alikuta kuweka tofali moja kunachukua mijongeo 18, akaipunguza hadi kufika 5 hivi. Alitengeneza jukwaa la kupandisha matofali ili fundi asiiname kila mara. Fikiria mtu anayeinama na kuinuka mara elfu moja kwa siku, halafu aje mtu amwambie hakuna haja. Hilo si jambo dogo.

Katika miaka ya kuelekea Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Frank na Lillian wakaingiza taa kwenye utafiti wao. Kitaa kidogo kilifungwa kwenye kidole cha mfanyakazi kama pete, chumba kikatiwa giza, kamera ikaachwa wazi, mfanyakazi akafanya kazi yake. Picha ilionyesha njia nzima ya mkono kama uzi mweupe. Kisha wakafanya ujanja: umeme wa kile kitaa ukawa unakatwa na kurudi kwa kasi inayojulikana, mara kadhaa kila sekunde. Uzi ukawa vijidoa vilivyopangana. Vijidoa vikikaribiana, mkono ulikuwa unakwenda taratibu. Vikiachana, mkono ulikuwa na kasi. Hawakuishia hapo. Walichukua waya halisi wakaukunja kufuata umbo la ule mwanga, ili mfanyakazi mwingine auangalie na kuugusa ajifunze "njia bora". Mkono wa fundi ukageuzwa kuwa waya juu ya meza ya ofisi.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, ndugu msomaji. Akina Gilbreth walisema wazi kwamba wanataka kumpunguzia mfanyakazi uchovu, na mwaka 1916 walitoa kitabu kizima kuhusu uchovu, wakitetea viti na muda wa kupumzika. Nawaamini. Lakini wafanyakazi wa zama zile walikuwa na sababu zao za kuogopa mtu anayekuja kupima mikono yao. Agosti 1911, kule Watertown katika jimbo la Massachusetts, mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali waligoma baada ya mwenzao mmoja kukataa kupimwa kwa saa ya kusimamisha na kufukuzwa kazi. Walijua kwamba ujuzi wa fundi ndio silaha yake pekee anapodai mshahara. Ujuzi ukishahama kutoka mkononi kwenda kwenye karatasi ya bosi, fundi anabadilishwa kirahisi kama balbu.

Tena kuna kichekesho cha huzuni ndani ya nyumba hiyohiyo. Lillian mwenyewe alifutika. Kitabu chake kuhusu saikolojia ya uongozi kilitoka mwaka 1914 kwa jina la L. M. Gilbreth, herufi tupu, ili msomaji asijue kwamba mwandishi ni mwanamke. Frank alipofariki ghafla mwaka 1924, Lillian akabaki na watoto 11, na baadhi ya kampuni zilizokuwa wateja wao hazikutaka kuendelea na mwanamke. Akafanya nini? Akahamishia elimu yake jikoni. Akapima hatua anazotembea mtu anapopika, akapanga upya meza, sinki na jiko. Ile pipa ya taka unayoifungua kwa kukanyaga, na zile rafu za ndani ya mlango wa friji, mara nyingi anatajwa yeye kuwa ndiye aliyezibuni. Mwaka 1935 akawa profesa katika chuo kikuu cha Purdue. Alifariki mwaka 1972. Leo ukifungua friji kuchukua maji, huenda unamtumia Lillian bila kumjua.

Wasanii walichelewa kufika. Mwaka 1935 Man Ray, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, alikaa mbele ya kamera yake, akaacha shata wazi, akachukua kitochi chembamba akazungusha mkono hewani. Picha ilionyesha sura yake yenye ukungu na juu yake mizunguko ya mwanga. Miaka ikapita, watu wakaiona kama vurugu nzuri tu ya mistari. Mwaka 2009 mpiga picha Ellen Carey akaitazama picha hiyo kwa kioo. Ile mizunguko ilikuwa sahihi ya Man Ray, imeandikwa kinyume! Miaka 74 jina lilikuwa wazi mbele ya macho ya watu na hakuna aliyelisoma. Linganisha na yule mtu wa Demenÿ. Kifaa ni kilekile, taa ndogo na giza. Tofauti ni kwamba safari hii anayeshika taa ndiye mwenye kamera.

Aliyeifanya mbinu hii ijulikane dunia nzima ni Gjon Mili. Alizaliwa Albania mwaka 1904, akahamia Marekani mwaka 1923, akasomea uhandisi wa umeme, kisha akawa mpiga picha wa jarida la Life. Aliwahi kufunga taa kwenye viatu vya wachezaji wa kuteleza kwenye barafu ili miruko yao iandikike gizani. Mwaka 1949 alikwenda Vallauris, kusini mwa Ufaransa, kwa Pablo Picasso, akamwonyesha picha hizo. Inasimuliwa kwamba Picasso alimpa dakika 15 tu za kujaribu. Alipoona matokeo akanogewa, wakarudia mara 5, ikapatikana michoro kama 30 ya mafahali, sura za Kigiriki, viumbe nusu mtu nusu farasi, na sahihi yake. Hebu fikiria ugumu wake: Picasso alikuwa akichora kitu asichokiona. Mstari ulipotea palepale mkono ulipopita. Ilibidi aukumbuke kichwani mpaka filamu isafishwe.

Lakini mimi jicho langu liligota mahali pengine. Picasso katika picha hizo anaonekana. Amekodoa macho, kifua wazi, kitaa mkononi. Kwa nini yeye hakufutika? Kwa sababu Mili alitumia flashi. Mara moja tu, chwaa! Mwanga mkali ulimulika chumba kwa muda mfupi sana, ukamshika Picasso akiwa mzima, na shata iliyobaki wazi ikamalizia kushika mchoro wa taa. Kwa hiyo kufutika si sheria ya mbinu hii. Ni uamuzi. Anayestahili kuonekana, kwa mujibu wa mwenye kamera, anapigiwa flashi.

Kuna mtu mmoja wa kati ambaye nampenda, Jack Delano. Mwishoni mwa mwaka 1942 na mwanzoni mwa 1943 alikuwa akipiga picha za reli kwa niaba ya serikali ya Marekani. Usiku, kwenye uwanja mkubwa wa treni wa Proviso huko Chicago, aliacha kamera wazi, na taa za mkononi za wafanyakazi wa reli zikachora vitanzi na mikwaruzo katikati ya mabehewa. Ile haikuwa sanaa ya wafanyakazi wale. Ilikuwa lugha ya kazi, maana taa ndiyo iliyomwambia dereva wa treni sogea, simama, rudi nyuma. Picha hiyo nayo inawafuta. Ila Delano alirudi mchana, akawapiga picha za uso kwa uso, na chini ya nyingi akaandika jina la mtu, kazi yake na mahali alipokuwa.

Tuache historia kidogo, tushike tochi. Kama unataka kujaribu, hauhitaji stendi ya bei mbaya. Panga vitabu juu ya meza, kamera juu yake. Weka kamera kwenye herufi M, shata sekunde 30, ISO 100, tundu la lenzi 8. Simu nyingi za siku hizi nazo zinakubali kuachwa wazi kwa sekunde kadhaa, tafuta tu sehemu ya mipangilio ya mkono. Tumia kipima muda cha sekunde 10 ili usiitikise kwa kubonyeza. Zima taa zote, funika hata kile kitaa chekundu cha televisheni, maana nacho kinaandika. Vaa nguo nyeusi. Tochi ielekee kwenye lenzi ukitaka mstari, ielekee ukutani au kwenye kiti ukitaka kupaka kitu mwanga. Karatasi ya pipi nyekundu au ya kijani mbele ya tochi inakupa rangi. Kijiti cha udi kinatoa uzi mwembamba kama wa sindano. Mshumaa unatoa mstari mnene wenye rangi ya asali, lakini usikimbie nao. Na ukiandika jina lako, pichani litatokea kinyume, kama la Man Ray. Ligeuze kwenye kompyuta.

Utaona pia watu wakiwasha zile nyuzi laini za chuma za kusugulia masufuria na kuzizungusha ili cheche ziruke kama mvua. Zinavutia, lakini usifanye ndani, wala karibu na makuti, nyasi kavu au gari. Februari 2016 kule Inverness, California, mashua ya zamani iliyotelekezwa ufukweni, ambayo wapiga picha waliipenda sana, iliungua upande wa nyuma, na chanzo kilichotajwa ni mchezo huohuo wa cheche. Waliokwenda kuipamba kwa mwanga waliiteketeza.

Jaribio lililonifundisha zaidi ni rahisi kuliko yote. Nyumbani kwa shangazi kuna msichana anayesaidia kazi za ndani. Nilimwomba, akakubali, nikamfunga vitochi viwili vidogo vya funguo kwenye viganja kwa mpira wa kufungia noti. Tukazima taa, akapepeta mchele kwenye ungo kwa sekunde 20. Nimeona picha nyingi za mwanga, lakini ile ilinishangaza. Mawimbi mawili yanayopanda na kushuka pamoja, yamelingana kabisa, na kila baada ya mawimbi matatu au manne kuna kijimkunjo kidogo pembeni, pale alipokuwa akiupiga ungo kiwiko cha pembeni ili pumba zitoke. Frank Gilbreth angeitazama saa nzima.

Nikamwonyesha. Akaigeuzageuza ile kamera, akasema, "Ni nzuri kaka. Lakini mimi mwenyewe niko wapi?"

Tukarudia. Safari hii nikapiga flashi mara moja katikati ya zile sekunde 20. Akatokea: kanga begani, ungo hewani, punje za mchele zimeganda juu, na mawimbi yaleyale ya mwanga yakimzunguka. Hiyo ndiyo aliyoomba nimsafishie ampelekee mama yake.

Nimelifikiria swali lake nikiwa kazini. Magazetini tunazo picha nyingi za mistari bila watu, hata kama hazikupigwa gizani. "Wapagazi wakishusha mizigo." "Akina mama wakichota maji." "Mafundi wakiwa kazini." Kazi inaonekana, mwenye kazi hana jina. Waziri akiwa kwenye picha hiyohiyo, yeye jina lake litaandikwa, tena na cheo. Mwenye kamera ameamua nani apigiwe flashi. Kuuliza jina la mtu kunachukua sekunde 5. Kuacha shata wazi kunachukua 30.

Basi ukipata giza la kutosha usiku wa leo, na mitaa yetu mingi inalo, jaribu. Mfunge taa mtu anayefanya kazi yake vizuri: fundi cherehani, mpiga chapati, msusi. Piga mara mbili, moja bila flashi na moja nayo. Mpe ya pili. Na nyuma yake, kwa mwandiko wa kawaida tu wa kalamu, muulize jina lake uliandike.